SIKU TATU ZA MVUA KATIKA MJI WA FERRARA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani wa masjala, mbele ya mkutano wa kawaida wa Chama. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwapo, na kwa faida ya wale wasiokuwapo.)



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya safari yangu ya Italia, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kukataa. Si kwa kiburi, bali kwa sababu nalijua ninyi mnatazamia nini. Mtu atokaye Italia hutazamiwa aseme habari za Roma na majengo yake ya kale, au za Venezia, mji uliojengwa juu ya maji. Mimi Roma sikufika, na Venezia niliiona katika picha tu. Mapumziko niliyopewa yalikuwa ya siku tatu, na siku hizo zote tatu nalikuwa chini ya mwavuli katika mji mtulivu ambao pengine wengi wenu hamjapata kusikia jina lake. Walakini katika mji huo niliona jambo lihusulo kazi yetu ya ukarani, na jambo hilo limenilazimisha kuungama mbele yenu kosa langu mwenyewe. Basi naomba mnivumilie. Nitaanza na mvua, nitamaliza na kosa.

Mnajua ya kwamba nalipelekwa katika mji wa Bologna kwa muda wa miezi miwili kujifunza utunzaji wa majalada na nyaraka za zamani. Katikati ya mafunzo tulipewa ruhusa tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Wenzangu wenye fedha walikwenda mbali. Mimi nilihesabu fedha zangu, nikamwuliza mwalimu wetu ni mji gani ulio karibu, usio na ghasia, na usio ghali. Akanijibu neno moja tu: Ferrara. Kutoka Bologna ni safari ya nusu saa na kidogo kwa gari la moshi, ambalo siku hizi laenda kwa umeme na moshi halina, lakini jina limebaki.

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Mvua ya huko si kama mvua yetu ya masika, ambayo hupiga mabati kwa hasira, kisha ikapita, jua likatoka na watu wakaanika nguo zao. Mvua ya huko ni nyembamba na baridi, nayo haina haraka. Huanza asubuhi kama mtu aliyekuja kukaa. Ikipungua kidogo, ukungu huja mahali pake, kwa maana nchi ile ni tambarare, na mto mkubwa wa Po wapita upande wa kaskazini wa mji. Katika Bologna mvua hiyo haikutusumbua sana, maana mitaa yake ina baraza zilizoezekwa, ambazo ukizipima zote za katikati ya mji zapita kilomita 30, na mtu aweza kwenda kazini na kurudi bila kulowana. Ferrara si hivyo. Niliposhuka stesheni nalipata mvua ya uso, na viatu vyangu vilijaa maji kabla sijafika mjini, mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu.

Sasa niwaeleze mji wenyewe ulivyo. Ni mji wa watu wapatao 130,000, nao umezungukwa na boma la matofali na udongo lenye urefu wa kilomita 9 hivi, ambalo hata leo limesimama karibu lote. Juu yake watu hutembea na kupanda baisikeli chini ya miti. Ndani ya boma mna miji miwili, kama nguo iliyoongezwa kitambaa. Upande wa kusini ni mji wa zamani, wenye vichochoro vyembamba, na mtaa mmoja uitwao Via delle Volte umepitiwa na matao mengi juu yake, ukaniwia kimbilio siku ya kwanza. Upande wa kaskazini ni mji ulioongezwa tangu mwaka 1492 kwa amri ya mtawala Ercole wa Kwanza, ambaye alimpa kazi hiyo fundi Biagio Rossetti. Mitaa ya huko ni mipana na imenyoka. Hapo pana nyumba ambayo kuta zake za nje zimejengwa kwa mawe ya marumaru zaidi ya 8,000 yaliyochongwa ncha kama almasi. Mvua ilipokuwa ikiteremka juu ya ncha zile, kila jiwe lilikuwa na tone lake.

Watu wa Ferrara ni watu wa baisikeli. Mzee na kijana, mwalimu na muuza mboga, wote hupanda. Nilimwona mama mmoja mwenye mvi akipanda kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mwavuli, tena ana kikapu cha mikate mbele yake, wala hakutikisika. Mkate wenyewe ni wa ajabu: umesokotwa ukawa na pembe nne, mkavu kwa nje. Na katika nyumba ya kulia chakula niliyojificha mvua, nililetewa vifuko vya unga vilivyotiwa boga ndani yake, vimemwagiwa siagi. Nikala boga Ulaya, nikacheka peke yangu, nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikilikataa nyumbani kwa mama yangu.

Mjini katikati pamesimama ngome ya matofali mekundu yenye minara minne, na handaki lililojaa maji limeizunguka pande zote. Siku ya Ijumaa niliingia humo kwa sababu ya mvua, wala si kwa sababu ya kupenda ngome. Lakini nilipoambiwa chanzo chake, nilisahau viatu vyangu vilivyolowa. Mwaka 1385 nchi ile ilikuwa imepatwa na mafuriko, na kodi zilikuwa nzito. Tarehe 3 Mei watu waliokasirika walikusanyika mbele ya nyumba ya mtawala wao, Niccolò wa Pili wa ukoo wa Este. Hawakumtaka Niccolò mwenyewe. Walimtaka Tommaso da Tortona, mtumishi wake aliyesimamia kodi. Niccolò alitazama ule umati, akatazama nafsi yake, akamtoa mtumishi wake. Wakamrarua. Ghasia zilipokwisha, mtawala akaona heri ajijengee mahali penye kuta nene, na mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, msingi wa ngome ukawekwa.

Sitaki kumtetea Tommaso. Huenda alikuwa mkali kupita kiasi, mimi sijui. Lakini nadhani hapana karani hata mmoja katika chumba hiki ambaye hakuona kitu ndani ya habari hiyo. Amri ilitoka juu, lawama ikamwangukia aliyekuwa akiitekeleza. Ngome ilijengwa kwa kumlinda mwenye kutoa amri. Mtumishi hakujengewa hata ukuta mmoja. Nilitoka mle nikiwa na huzuni, nikalala mapema, na mvua usiku kucha ikawa inasema na dirisha.

Jumamosi nalikusudia kulizunguka lile boma lote kwa miguu. Nilifungua dirisha asubuhi nikaona ya kwamba kusudi hilo halina maana. Mwenye nyumba niliyopanga akanishauri niende Schifanoia, na akanieleza ya kwamba maana ya jina hilo ni kuukimbia uchovu wa moyo. Ni nyumba ya starehe ya wale wakubwa wa Este, iliyoanza kujengwa mwaka ule ule 1385, ikaongezwa ukubwa wakati wa mtawala Borso, karibu miaka mia baadaye. Nilikwenda nikidhani kuwa nakwenda kukauka.

Ndani yake, orofa ya juu, mna chumba kimoja kikubwa, urefu wake wapata mita 24 na upana mita 11. Kuta zake zote zilipakwa picha za miezi kumi na miwili ya mwaka. Leo miezi saba ndiyo ionekanayo vema, tangu Machi mpaka Septemba. Kuta mbili nyingine zimefutika karibu zote. Kila mwezi umegawanywa mistari mitatu. Mstari wa chini waonyesha mambo ya dunia hii: Borso akiamua mashauri ya watu, akiwinda, akicheka na wakubwa wenzake, na nyuma yake watu wakikata matawi ya mizabibu. Mstari wa juu waonyesha miungu ya kale ya Warumi ikipanda magari ya fahari. Katika mwezi wa Machi, upande mmoja wa gari wamesimama wanachuoni na watu wa sheria pamoja na vitabu vyao, na upande wa pili wameketi wanawake wakifuma na kushona. Mstari wa katikati una rangi nyeusi nyuma yake kama usiku, nao ni wa buruji za nyota, na kila buruji ina watu watatu, kila mmoja akisimamia siku zake kumi.

Hapo nalisimama muda mrefu. Kwa maana mtu wa kwanza kabisa, mwanzoni mwa Machi, ni mtu mweusi. Ni mrefu, amevaa nguo nyeupe iliyochakaa, na kiunoni amejifunga kamba. Sikutegemea kumkuta ndugu huyo katika mji wa mvua. Mwaka 1912 mwanachuoni Aby Warburg, Mjerumani, alieleza mbele ya mkutano huko Roma ya kwamba watu hao wa nyota walitoka katika maandiko ya Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad aliyekufa mwaka 886, naye alikuwa ameyapokea kwa Wahindi. Elimu ya falaki, wazee wetu wa pwani waijua vema. Basi fikirini ni mikono mingapi ya waandishi iliyonakili habari ya mtu yule, kutoka lugha hata lugha, mpaka akasimama ukutani Ferrara. Mmoja wao angesema, "Habari hii haina faida, sitaiandika," yule mtu asingefika.

Nilipokuwa nikitazama, mlinzi wa chumba, mzee mwenye koti la buluu, alinikaribia. Yeye alikuwa na Kiingereza kidogo, na mimi Kitaliana kidogo, tukasikilizana. Mvua ilikuwa imewazuia wageni, tulikuwa wawili tu. Akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia ni karani wa majalada. Akacheka kwa furaha, akanishika mkono akanipeleka mbele ya ukuta wa mashariki, wenye Machi, Aprili na Mei, akasema, "Basi ukuta huu ni wako. Huu umeokolewa na karani."

Habari aliyonipa, nami nilimwuliza mwalimu wetu niliporudi Bologna akaithibitisha, ni hii. Ukuta huo ulipakwa na fundi aitwaye Francesco del Cossa. Kazi ya chumba ilikuwa ya mafundi kadha wa kadha, na malipo yalikuwa mamoja kwa wote: sarafu kumi ziitwazo bolognini kwa kila futi ya ukuta. Francesco alipoona hesabu hiyo, aliumia. Tarehe 25 Machi mwaka 1470 aliandika barua ya maombi, akaielekeza kwa Borso mwenyewe. Alieleza ya kwamba ile miezi mitatu ameifanya yeye peke yake; ya kwamba ametumia rangi nzuri na dhahabu; ya kwamba amepaka juu ya lipu mbichi, kazi ambayo kila fundi ajua ni ngumu na ni bora; ya kwamba yeye ni mtu aliyeanza kupata jina; na kwamba yamhuzunisha kulipwa sawasawa na mwanafunzi dhaifu kuliko wote wa Ferrara. Hakutukana. Alisema haja yake kwa heshima, akatia sahihi.

Mabwana, je, barua hiyo si tunaijua? Tarehe ni nyingine na lugha ni nyingine, lakini nadhani kila mmoja wetu amepata kuiandika, au kuiandika moyoni mwake usiku.

Jibu lake pia mnalijua. Lilikuwa fupi, likaandikwa kama ziandikwavyo shauri za wakubwa pembeni mwa majalada: mwombaji aridhike na bei iliyowekwa, kwa kuwa imewekwa na watu waliochaguliwa kuiweka. Basi. Francesco akafunga rangi zake akahamia Bologna, akafanya kazi huko mpaka kufa kwake miaka michache baadaye. Borso naye hakukaa, alikufa mwaka 1471.

Sasa sikilizeni lililofuata, kwa maana ndilo lililonifanya nikose usingizi. Nyumba ile ilipita mikononi mwa watu wengi. Ilifika hata kuwa kiwanda cha tumbaku. Picha zote zikapakwa chokaa nyeupe juu yake, zikasahauliwa. Katika karne ya 19 watu walianza kuikwangua chokaa, nazo picha zikatokea tena. Na zile za Francesco zilitokea zikiwa nzima kuliko nyingi za wenzake, kwa sababu rangi iliyotiwa juu ya lipu mbichi hunywewa na ukuta na kuwa kitu kimoja nao. Alilosema katika barua yake ya kwamba kazi hiyo ni bora, ukuta ulimshuhudia. Lakini ukuta haukujua jina lake. Wataalamu walipotazama Machi, Aprili na Mei, walizisifu sana, wakawapa sifa watu wengine.

Na ile barua je? Barua iliyokataliwa haikutupwa. Karani fulani, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliipokea, akaliweka jibu pamoja nayo, akaihifadhi mahali pake. Mwaka 1598 ukoo wa Este ulipopoteza Ferrara, mji ukachukuliwa na serikali ya Papa, wakubwa wale walihamia Modena, na nyaraka zao wakahama nazo. Barua ya Francesco ikasafiri pamoja na mikataba ya wafalme na hesabu za nafaka. Katika karne ya 19 wachunguzi wakaikuta huko Modena, wakaisoma, na hapo ndipo dunia ilipojua ni nani aliyepaka ukuta ule. Ombi lililokataliwa kwa mstari mmoja ndilo lililomrudishia mtu kazi yake, baada ya miaka mia nne.

Yule mlinzi alipokwisha kusema alirudi kitini pake. Mimi nalisimama, maji yakidondoka kutoka mwavuli wangu juu ya sakafu yao nzuri, nikajiona kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu. Sasa nitawaambia kwa nini.

Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, alikuwapo tarishi mmoja mzee. Naye jina lake sitalitaja, maana ni mtu wa heshima. Alikuwa amefanya kazi miaka sita ya kwanza kama kibarua, kabla ya kuandikwa rasmi, na alitaka miaka hiyo ihesabiwe atakapostaafu. Akamwomba kijana wake amwandikie barua, akaja nayo mezani kwangu masjala, ameikunja ndani ya kitambaa. Nikaisoma. Nikamwambia, "Mzee, barua hii haitafaa kitu. Jibu lake nalijua, watakataa." Akanijibu, "Wakatae wao, mwanangu. Wewe ipokee tu." Nikaipokea. Lakini sikuiandika katika daftari la barua ziingiazo, wala sikupiga muhuri, wala sikuifungulia jalada. Niliitia katika mtoto wa meza yangu, nikijiambia ya kwamba nampunguzia mzee huzuni ya kukataliwa, na nawapunguzia wakubwa kazi. Ukweli ni kwamba nalikuwa najipunguzia kazi mimi.

Alipostaafu, miaka ile sita haikuhesabiwa. Akasema ya kwamba aliandika mapema. Akaulizwa ushahidi uko wapi. Daftari likafunuliwa, jina lake halimo. Nami nilikuwapo, Mabwana. Nilikuwa nimesimama karibu na daftari lile. Watu wakasema uzee umemchanganya akili, naye akanitazama, kisha akatazama chini, hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Niliogopa. Na hofu ikikaa sana huvaa nguo za kusahau, hata nikafika mahali pa kuamini ya kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo.

Karani wa Ferrara, asiye na jina, alijua vema ya kwamba ombi la Francesco limekataliwa. Alikuwa na sababu ya kulitupa kuliko mimi, maana jibu lilikwisha kutoka. Walakini hakulihukumu. Kazi yake haikuwa kupima kama ombi lina nguvu au halina. Kazi yake ilikuwa kushuhudia ya kwamba siku fulani mtu fulani alisema neno fulani, na akajibiwa hivi. Mimi nilijifanya Borso, bila hata kupewa kiti cha Borso.

Jumapili mvua ilipungua kidogo, nikatembea upande wa kaskazini mpaka nyumba ndogo ya matofali ya mshairi Ludovico Ariosto, aliyeishi humo miaka yake ya mwisho na kufa mwaka 1533. Huyo naye alikuwa mtumishi kama sisi. Alimtumikia kadinali mmoja wa ukoo wa Este, na mwaka 1517 alipokataa uhamisho wa kumfuata Hungaria, alipoteza kazi. Baadaye mtawala Alfonso alimpeleka milimani Garfagnana, nchi yenye wanyang'anyi wengi, akawa mkuu wa wilaya huko tangu mwaka 1522 mpaka 1525. Huko alikuwa akiandika barua baada ya barua kuomba askari, na askari waliokuja walikuwa wachache. Barua hizo nazo zimehifadhiwa hata leo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa uchungu: kila niendako katika mji huu nakutana na barua iliyowekwa mahali pake. Jioni nikapanda gari la moshi. Sikusoma kitu njiani. Nilitazama mashamba yenye maji na ukungu, nikaazimia la kufanya.

Niliporudi nyumbani, kabla ya kugawa zawadi, nilikwenda ile ofisi ya zamani nikaomba ruhusa ya kutafuta bohari. Meza yangu ilikuwa imekwisha uzwa, lakini vilivyokuwamo vilitiwa katika sanduku. Nilipekua siku mbili. Barua nikaikuta kati ya karatasi za kaboni na risiti za stempu, ingali imekunjwa vile vile. Nikaandika taarifa kwa mkono wangu, nikieleza siku niliyoipokea kwa kadiri nilivyoikumbuka, na ya kwamba kosa ni langu wala si la mzee. Nikaziambatanisha, nikampelekea mkubwa. Nimepewa karipio la maandishi, nalo limo ndani ya jalada langu, namba ya ukurasa naijua. Ni halali yangu. Shauri la yule mzee limefunguliwa upya. Mpaka leo nisimamapo mbele yenu halijajibiwa, na huenda likakataliwa.

Kisha nikaenda kwake. Nilimkuta barazani akishona mkeka. Nilimwamkia, nikapiga magoti nikamweleza yote. Akanyamaza sana, mpaka nikaogopa. Mwisho akasema, "Mwanangu, fedha nilizililia, sikatai. Lakini kilichoniumiza usiku ni kuambiwa kwamba sikuandika. Nilianza kujiuliza mwenyewe kama kweli niliandika." Akaniomba nimwonyeshe nakala. Akaishika, hajui kusoma, akaigeuza huku na huku, akamwita mkewe aje aitazame.

Wenzangu, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani wasema habari za duka. Sasa naona ya kwamba haki ya mtu nayo ni mali, na daftari lake ni sisi. Wengi wetu hatuna uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Hatuwezi kuongeza mshahara wa mtu hata senti moja. Lakini tuna uwezo mmoja ambao wakubwa hawana: twaweza kufanya ombi la mtu lisipotee, au lipotee.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako naleta mambo matatu mbele ya mkutano. La kwanza, kila mwanachama aliye masjala aahidi ya kwamba barua yoyote ya malalamiko au maombi, hata ikiwa ya mfagiaji, hata ikiwa imeandikwa kwa penseli, itaandikwa daftarini siku ile ile iliyofika, na mwenye barua atapewa namba yake. La pili, Chama kiwe na kasha lake, na kila mwanachama apelekaye ombi akabidhi nakala kwa Katibu. Francesco aliandika peke yake, akajitenga na mafundi wenzake, akajibiwa peke yake. Sisi tuna Chama. La tatu, na hili ni gumu: aliye na barua ya mtu katika mtoto wa meza yake, akaitoe kesho. Sitauliza ni nani. Nalijua jinsi ilivyo rahisi kuisahau.

Watu wakiniuliza kama Italia ni nzuri, nawajibu ya kwamba niliona sehemu ndogo, tena ilikuwa ikinyesha. Mkipata nafasi ya kufika Ferrara, chukueni viatu vya pili, na mwingie Schifanoia hata kama jua linawaka. Ukuta wenyewe ni ule wa mashariki.

Kama kuna maswali, nipo tayari kuyajibu, na Bwana Katibu ayaandike.